Unahamia Dar bila gari? Namna ya kuchagua mtaa unaopitika kwa miguu

Dalali akikuambia nyumba iko dakika tano kutoka lami, muulize: dakika tano za miguu au za bodaboda? Hapa Dar es Salaam jibu la kweli mara nyingi ni la pili. Dakika tano za pikipiki kwenye barabara ya vumbi ni karibu kilomita mbili, na kilomita mbili kwa miguu ni nusu saa nzima: asubuhi umevaa nguo za kazini, jioni umebeba mfuko wa genge na giza limeshaingia. Na kwa kuwa wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, aliyekosea mtaa hana pa kukimbilia mpaka muda wake uishe. Ndiyo maana mtaa unachaguliwa kabla hujatazama chumba hata kimoja, na unachaguliwa kwa kuutembea.

Andika safari zako kwanza

Chukua karatasi, uandike kila mahali utakapokuwa ukienda ndani ya wiki moja, na mara ngapi. Mfanyakazi wa siku sita hupita njia ya kituoni mara kumi na mbili. Genge ni karibu kila siku, kwa sababu mchicha na nyanya hazikai kwenye joto la Dar na wapangaji wengi hawana friji. Mwenye mtoto wa chekechea anampeleka na kurudi, kisha anamfuata na kurudi. Njia moja inakanyagwa mara nne kwa siku. Anayeswali jamaa swala tano anakwenda msikitini mara thelathini na tano kwa wiki, kwa hiyo kwake msikiti una uzito kuliko kituo cha gari. Mwenye kisukari au presha aandike duka la dawa. Mjamzito aandike kituo cha afya, na aandike pia kama kinafunguliwa usiku, maana uchungu hauchagui saa.

Halafu linganisha umbali na wingi wa safari. Unakokwenda kila siku kuwe ndani ya mita 400. Kituo cha gari kisizidi mita 800. Soko kubwa, benki na ofisi ya kata vinaweza kuwa mbali zaidi, kwa sababu huko unakwenda mara mojamoja na kurudi na bajaji si hasara. Mtu mzima mwenye afya hutembea kama mita 80 kwa dakika mahali pa wazi. Mchana wa Januari, ukikwepa meza za wamachinga, pikipiki na madimbwi, hesabu 65. Ukiwa umemshika mtoto mkono au unatembea na mama mzee, hesabu 50. Kwa hesabu hiyo mita 800 ni dakika kumi na mbili kwako peke yako na dakika kumi na sita ukiwa na mtoto. Usipimie mwendo wako wa siku ukiwa na haraka. Pimia mwendo wa siku umechoka.

Gari moja, si matatu

Mtaa mzuri wa kutembea haukusaidii kama kazini unafika kwa kuunganisha magari. Dar imetanuka kwa kufuata barabara nne kubwa zinazotoka katikati ya mji: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa. Mandela na Sam Nujoma zinazikata kwa upande. Anayeishi kwenye barabara moja na kufanya kazi kwenye nyingine hubadilisha gari angalau mara moja, na pale pa kubadilishia, kama Ubungo, Mwenge, Buguruni au Tazara, ndipo muda unapopotelea. Kaa kwenye barabara ileile iliyo na kazi yako, au jirani na pale barabara mbili zinapokutana.

Kwa anayefanya kazi Posta au Kivukoni, njia ya kwanza ya mabasi ya mwendokasi, iliyoanza mwaka 2016, inatoka Kimara kwa Barabara ya Morogoro, na tawi lake la Kawawa linatoka Morocco. Hivyo Magomeni, Kinondoni, Manzese, Urafiki na upande wa Sinza ulio karibu na Shekilango wote wana gari moja hadi mjini. Kwa anayefanya kazi Mlimani, Mwenge au Mikocheni, Sinza na Kijitonyama zinatosha, na wengine kutoka huko wanafika kwa miguu. Anayefanya biashara Kariakoo aangalie Ilala, ambako mtu anakwenda dukani kwake bila kupanda chochote. Kazi za bandarini na Kurasini zina Temeke, Keko na Chang'ombe. Viwanda vya Barabara ya Nyerere vina Ilala, Buguruni na Vingunguti.

Kuna jambo moja mgeni hulijua akiwa ameshalipa kodi. Kituo kuwa karibu hakumaanishi utapanda. Vituo vya katikati ya njia hupitiwa asubuhi na magari yaliyojaa tangu yalikoanzia, na konda hasimami kabisa. Utaona watu wakivuka upande wa pili na kupanda gari linalokwenda kinyume, hadi mwisho wa njia, ili wageuze nalo wakiwa wamekaa. Hiyo ni nauli mara mbili na dakika ishirini au zaidi kila siku. Kwa hiyo simama kwenye kituo unachokitarajia siku ya kazi kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na nusu asubuhi, uhesabu magari yanayokwenda kwako: mangapi yamepita, mangapi yamesimama, watu wangapi wameingia kweli. Jumatatu ndiyo siku nzuri ya kipimo hiki kwa kuwa ndiyo mbaya kuliko zote. Wakikuacha magari matatu mfululizo, sogeza utafutaji wako kuelekea stendi ambako magari yanaanzia: Makumbusho, Mwenge, Kimara.

Mitaa inavyotofautiana

Kariakoo, Ilala na Magomeni zilipimwa tangu enzi za ukoloni kwa mitaa iliyonyooka na viwanja vidogo. Ndiyo maana hadi leo kila kona ina duka, na ukikuta mtaa mmoja umeziba unapita wa pili bila kupoteza hata dakika. Kutembea huko ni rahisi. Kelele na msongamano ndiyo bei yake. Kariakoo yenyewe sasa ni maghorofa ya biashara, na anayeweza kuishi humo ni yule ambaye duka lake liko chini ya nyumba.

Sinza na Kijitonyama zilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja vyenye huduma, na mtu asiye na gari bado anafaidika na upimaji huo. Viwanja ni vidogo, mitaa inapenya, na kwa kuwa watu ni wengi kwenye eneo dogo, biashara ndogo zinajiendesha: genge, kinyozi, fundi cherehani, wakala wa pesa, muuza chipsi, duka la dawa, vyote ndani ya mita mia mbili. Mikocheni nayo ilikuwa kwenye mpango huohuo, lakini sehemu zake kubwa zimekuwa kuta ndefu na mageti. Unaweza kutembea robo saa pale usikutane na mtu wa kukuuzia kiberiti. Masaki na Oysterbay zina miti na njia nzuri za miguu, ila genge ni la kutafuta na bei zake zinawafuata wenye magari. Upanga ndiyo ninayoipa alama za juu kwa kivuli na ukaribu na Muhimbili na mjini; tatizo ni kodi.

Manzese, Tandale, Mwananyamala ya ndani na Buguruni hazikupimwa zilipokuwa zikijengwa, na watu wa nje huzidharau kuliko zinavyostahili. Huko kila kitu kiko hatua chache, chakula ni cha bei ndogo, na usiku mitaa ina watu. Ubaya wake ni vichochoro vinavyoishia kwenye ukuta wa mtu, pikipiki zinazopita humohumo, na maji ya mvua ambayo nitayaeleza chini kwa urefu. Ukipata nyumba iliyo kwenye njia pana ya kupita gari, mahali penye mwinuko, hayo ni makazi mazuri kwa anayeanza maisha.

Goba, Madale, Mbezi ya ndani, Chanika na sehemu kubwa za Kigamboni ni habari nyingine. Nyumba ni mpya, uwanja ni mkubwa, kodi inavutia. Lakini hayo ni maeneo ya gari au bodaboda. Kimara ina mwendokasi, lakini nyumba nyingi ziko bondeni chini ya barabara. Kushuka jioni ni raha, kupanda asubuhi umevaa viatu vya kazi ni kutoka jasho kabla siku haijaanza. Kwa mgeni asiye na gari, anza na Sinza, Kijitonyama, Magomeni, Kinondoni na Ilala, ukikosa ndipo usogee nje.

Ramani, kisha miguu

Ukiwa bado mkoani, tumia ramani ya simu kupata picha ya kwanza. Weka alama ya nyumba na ya kituo, soma umbali wa mstari ulionyooka, kisha uliza njia ya miguu. Njia ikizidi mstari kwa mara moja na nusu, mita 500 zikawa 750 au zaidi, kuna kitu kimeziba katikati: mto, reli, ukuta wa kiwanda, au kambi ya jeshi. Kambi kama Lugalo haikatizwi, hata kama ramani inaonyesha barabara imepita ndani. Na kwa upande wa pili, ramani haijui vichochoro vyote vya uswahilini, kwa hiyo pengine njia ya kweli ni fupi kuliko inavyodai.

Ramani haikuonyeshi vumbi, wala harufu, wala mtaro uliokosa mifuniko. Hayo yanataka uende. Tafuta gesti au ndugu wa kukuhifadhi kwa wiki mbili kwenye mtaa wenyewe, au jirani nao, badala ya kuja siku moja na dalali. Gharama ya gesti ni ndogo ukiilinganisha na kodi ya miezi sita mahali pasipofaa. Ipite njia yako kuu, mlangoni hadi kituoni, mara tatu: saa 12 na nusu asubuhi, saa 8 mchana, na saa 2 usiku. Kila mara beba mzigo unaofanana na wa maisha yako: kilo tano za unga, au mtoto, au dumu la maji kama bomba la eneo linatoka kwa mgawo. Dumu la lita 20 ni kilo 20, na mita mia mbili za kulibeba zinafundisha mengi kuhusu mtaa.

Angalia njia yenyewe. Pembeni ya barabara kuu pana njia ya miguu, lakini je, inapitika? Mara nyingi nusu yake ina meza ya miwa na viatu vya mtumba, nusu nyingine ni kijiwe cha bodaboda, na wewe unashuka barabarani kutembea na daladala. Hesabu mara ulizolazimika kushuka. Mara moja au mbili ni kawaida ya mji. Zikifika tano kwa mita 800, hiyo si njia ya kumpitisha mtoto wala mtu mwenye kiti cha magurudumu. Angalia mifuniko ya mitaro: ule mfuniko uliovunjika unauona mchana, usiku umeme ukikatika huuoni. Angalia pia kivuli. Upande wa barabara wenye miarobaini au maghorofa unaweza kuwa ndio unaokuokoa Desemba hadi Machi, na mtu anayetembea saa 8 mchana anaelewa haraka kwa nini wenyeji wote wako upande mmoja.

Maji

Hapa ndipo wageni wengi wanapopotea, kwa sababu wanatafuta nyumba Julai au Agosti, mtaa ukiwa mkavu na wa kupendeza. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Mtaa unaopitika Agosti unaweza kuwa bwawa Aprili.

Bonde la Msimbazi ndilo linalojulikana zaidi. Mafuriko ya Desemba 2011 yalisomba makazi ya bondeni, na baadhi ya waathirika wakapewa viwanja Mabwepande, mbali kabisa na walikokuwa wakifanya kazi. Pale Jangwani maji yamefunga Barabara ya Morogoro mara nyingi, na ikifungwa mwendokasi unasimama, hata kama kwako Manzese hakuna tone lililoingia ndani. Kigogo ya chini, Mkwajuni, Hananasif na Mchikichini zote zina sehemu zinazopokea maji hayo. Mto Ng'ombe, unaopita kando ya Sinza na Tandale kwenda Msimbazi, nao una nyumba zilizojengwa ukingoni kabisa. Usichukue nyumba kwa jina la mtaa peke yake. Ndani ya Sinza hiyohiyo kuna mitaa inayokauka ndani ya saa moja na mingine inayobaki na maji siku tatu.

Alama ziko wazi kwa anayejua kuzitazama. Tazama kuta za nje kwa usawa wa goti: mstari wa rangi ya udongo unaoendelea nyumba hadi nyumba kwa kimo kilekile ndio kimo cha maji ya mwisho. Tazama milango: kizingiti cha saruji kilichopandishwa tofali moja au mawili, ambacho hakikuwepo kwenye ramani ya nyumba, kimejengwa na mtu aliyechoka kupiga deki. Viroba vya mchanga vilivyopangwa kwenye njia, umbali wa hatua moja moja, ni daraja la masika ambalo hakuna aliyejisumbua kuliondoa. Tazama sakafu ya nyumba na barabara: mwenye kiwanja akimwaga kifusi na kuinua uwanja wake, maji yanahamia kwa jirani, naye anainua wake, na mwishowe nyumba ya zamani inabaki shimoni kati ya nyumba zilizoinuliwa. Ukikuta nyumba ambayo unashuka ngazi kuingia uani, iache, hata kama imepakwa rangi jana.

Kisha mtaro. Mtaro mzuri unaelekea mahali. Ufuate kwa miguu uone unaishia wapi. Ukiishia kwenye kalavati iliyojaa chupa za plastiki, umejua mahali maji yatakapogeukia. Na kuna jambo la aibu ambalo halitajwi na dalali yeyote: kwenye mitaa iliyobanana, mvua kubwa ikinyesha, wapo wanaotapisha vyoo, yaani wanafungulia karo ili mvua ibebe. Maji unayoyavuka asubuhi yake yana kinyesi, na kipindupindu kinapita hapohapo. Tazama kama kuna bomba linalotoka ukutani kwa chini kuelekea mtaroni, na kama njia ina rangi nyeusi na harufu hata kiangazi. Hiyo haivumiliwi, na hakuna kodi ndogo inayoifidia.

Kuuliza nako kuna namna yake. Ukisema "hapa maji yanajaa?" utajibiwa "hapana, hapa salama," maana hakuna anayependa kuuaibisha mtaa wake mbele ya mgeni. Nunua nyanya kwanza, kisha muulize mama wa genge: "Mama, masika yaliyopita meza uliihamishia wapi?" Aliyeihamisha atakuambia wapi na kwa siku ngapi. Ambaye hakuihamisha atashangaa swali lako, na mshangao huo ni habari njema. Muulize vilevile dereva wa bajaji ni barabara zipi huwa hazikubali siku ya mvua. Yeye injini yake ndiyo inayomfundisha.

Kuvuka barabara

Mita 300 hadi kituoni zinaweza kuwa na barabara kuu katikati, na hapo umbali haumaanishi chochote. Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda nje ya mji imetanuliwa mno, na Bagamoyo kwa sehemu kubwa ni njia nne zenye magari ya kasi. Simama pale utakapovukia asubuhi na jioni, uangalie saa: umesubiri sekunde ngapi, na umevuka kwa kutembea au kwa kukimbia? Ukisubiri zaidi ya dakika moja na kukimbia, usimtume mtoto wa shule ya msingi peke yake hapo. Zebra isiyo na taa wala askari ni rangi tu kwa madereva wengi. Vivuko vya juu kama kile cha Manzese vinaokoa maisha, ila vina ngazi. Mzee wa magoti na mwenye mzigo wajaribu kupanda kabla ya kukubali. Kwa mwenye watoto ninashauri bila kusita: chagua nyumba iliyo upande mmoja na shule, hata kama kituo cha gari kitakuwa ng'ambo. Mkubwa avuke, mdogo asivuke.

Usiku na kelele

Jua la Dar huzama kati ya saa 12 na dakika kumi na saa 1 kasoro dakika kumi, mwaka mzima. Anayetoka kazini saa 11 jioni na kukaa kwenye foleni atafika kwake gizani karibu kila siku, kwa hiyo njia ya usiku ndiyo njia yake halisi ya kurudi. Unachokitafuta si taa za barabarani peke yake. Ni watu walioketi: muuza chipsi, mkaanga samaki, wakala, duka la Mangi, bibi kwenye baraza. Hao wakiwepo hadi saa 3 au saa 4 usiku, kibaka hana nafasi. Sehemu ya kuogopa ni ule ukuta mrefu wa shule, wa ghala au wa kiwanja kitupu. Mita mia moja za ukuta bila mlango zinatosha kuporwa simu na pikipiki inayopita. Kama njia yako ina ukuta wa namna hiyo, tafuta ya pili, na kama hakuna ya pili, huo si mtaa wako. Waulize wanawake, hasa dada wa saluni na wauguzi wanaotoka zamu, wanapita wapi usiku na wapi hawapiti. Majibu yao ni sahihi kuliko ya mjumbe.

Kinachoufanya mtaa utembeke ndicho kinachoufanya uwe na kelele: baa, maspika ya kanisa la hema, mashine ya kusaga, vigodoro vya mwishoni mwa wiki. Usichukue nyumba inayotazama barabara ya maduka. Ingia ndani mstari wa pili au wa tatu, kama mita 100 hadi 250. Hapo kelele inashuka sana na bado unafika dukani kwa dakika tatu. Lala eneo hilo Ijumaa au Jumamosi moja kabla ya kulipa. Ukikosa pa kulala huko, angalau simama nje ya nyumba saa 5 usiku.

Hesabu ya kodi

Watu wengi wanakwenda mbali kwa sababu kodi ni ndogo, bila kujumlisha njia. Tuseme chumba na sebule Mbezi ya ndani ni shilingi 150,000 kwa mwezi, na cha aina hiyo Sinza ni 220,000. Tofauti ni 70,000. Sasa Mbezi unapanda bodaboda 1,000 asubuhi na 1,500 usiku, na gari la ziada 600 kwenda na 600 kurudi. Kwa siku ni 3,700, na kwa siku 26 za kazi ni 96,200. Nyumba ya bei ndogo imekuzidishia 26,200 kila mwezi. Ongeza dakika arobaini kwa kila upande, yaani saa thelathini na nne na ushee kwa mwezi, muda ambao ungelala, ungefundisha watoto, au ungefanya kibarua. Weka bei za mtaa wako mwenyewe kwenye hesabu hiyo. Namba zitabadilika, ila fanya hesabu.

Kikwazo cha kweli ni kwamba bodaboda inalipwa kidogokidogo na kodi inalipwa kwa mkupuo. Tofauti ile ya 70,000 kwa miezi sita ni 420,000 za kutoa siku moja, na mtu aliyehama juzi hana. Badala ya kukimbilia mbali, punguza nyumba: chukua chumba kimoja Magomeni au Sinza kwa miezi sita ya kwanza, uache sebule. Chumba kinaongezwa baadaye. Mtaa hauwezi kuusogeza.

Hesabu kama hii inabadilika ukihamia mji mwingine. Mwanza pima mwinuko kabla ya umbali, kwa kuwa mita 300 za kupanda mlima wenye mawe ni nyingi kuliko kilomita ya tambarare. Dodoma tatizo ni upana: mji wa serikali uko Mtumba, nje kabisa ya katikati ya mji, kwa hiyo mtumishi aamue kama anaishi karibu na ofisi au karibu na soko, kwa sababu vyote viwili kwa miguu havipatikani.

Kulipa

Ukishapata mitaa miwili inayokufaa, ndipo mwite dalali, na umpe mipaka kwa majina ya vituo, si ya kata: "kati ya Sinza Mori na Kijiweni, mstari wa pili au wa tatu, nisivuke Shekilango." Ukimwambia "Sinza" tu atakuzungusha siku nzima na utalipa hela ya kuonyeshwa kila nyumba. Kubalianeni mapema kama hela hiyo ni ya mara moja au ya kila nyumba. Malipo yake ya mwisho kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, na hupewa baada ya wewe kupata funguo, si kabla. Tembea kutoka kila nyumba hadi kituoni ukiwa na saa mkononi, hata dalali akinuna na kutaka mpande pikipiki. Mwombe mwenye nyumba akubali miezi mitatu ya kwanza. Wengi watakataa, wachache watakubali, hasa nyumba ikiwa imekaa tupu. Andikeni mkataba mbele ya mjumbe au kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mkitaja tarehe ya kuingia, mita ya umeme ya LUKU ni ya nani na wangapi wanaitumia, na nani anazibua mtaro wa mbele ya nyumba kabla ya masika.